Gunia la vitunguu kwanza: jinsi ya kuandaa siku ya kayaki ya kusafisha mto na kuchanga pesa

Watu wakiniuliza kitu cha kwanza cha kutafuta kabla ya kuandaa siku ya kusafisha mto na kayaki mi huwaambia gunia la vitunguu, wanacheka, alafu wakifika majini na ile mifuko yao mieusi ya takataka kicheko kinaisha. Gunia la vitunguu ni lile la wavu, jekundu ama zambarau, ukienda kwa mama mboga yeyote sokoni anakuuzia matupu kwa bei ya kutupa. Ukitia ndani chupa iliyojaa matope maji yanachuruzika yenyewe, gunia linabaki jepesi, kayaki hailali upande. Mfuko wa plastiki unajaa maji unakuwa mzito kama ndama, ukigusa tawi moja tu umepasuka na kila kitu kimerudi mtoni, kazi ya nusu saa unaiona hivo inaelea ikienda zake.

Mi si mtaalamu wa mazingira. Natengeneza friji Nairobi, na wikendi nikipata nafasi napanda matatu hadi Sagana, kama kilomita 100 hivi kutoka town, napiga kasia kwa mto Tana. Miaka michache sasa tuko na kikundi cha watu wa kayaki na rafti (ile boti ya mpira ya kujazwa hewa), tunafanya siku za kusafisha mto na kuchanga pesa za kusaidia wanaoishi pale kando, tumekosea sana, tumerekebisha, na kwa sababu kila mwaka napata meseji zilezile za "kaka mlifanyaje" nimeamua niandike yote mara moja.

Chagua kipande, si mto

Kila kikundi kipya kinataka kusafisha "Mto Tana". Tana ina karibu kilomita 1,000 kutoka milimani mpaka Kipini inapoingia baharini, utaisafisha wewe na kayaki nane? Chagua kipande cha kilomita 3 au 4, kiwe na mahali pa kuingilia na pa kutokea ambapo pikapu inafika, alafu uamue kabisa kwamba utakirudia. Ukienda mara moja umeokota taka, basi. Ukienda mara ya nne unajua taka inatoka mtaro gani, inaongezeka siku gani ya soko, na mti gani unaikamata, na hayo ndo mambo ambayo mtu wa barabarani hawezi kuyajua manake hayaonekani kutoka darajani. Sisi watu wa kayaki kitu tulicho nacho kuliko wengine si nguvu, ni kwamba tunaona mto kutoka ndani.

Kipande kiwe cha maji mapole. Najua tunapenda maji meupe, yale ya kasi yenye povu, mi mwenyewe ndo ugonjwa wangu, lakini mkono mmoja ukishika gunia na mwingine chupa, niambie kasia umeshika na nini. Mabingwa wenu waweke nyuma kwa ajili ya usalama, wasipige misele.

Msimu pia ni muhimu. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, fupi Oktoba hadi Desemba, hapo usijaribu, mto umejaa na una rangi ya chai ya maziwa huoni kitu. Nenda Januari na Februari, ama Julai hadi Septemba. Maji yakishuka utakuta plastiki zimening'inia matawini juu ya kichwa chako kama nguo zimeanikwa, kule juu ndo mafuriko yalifika. Na kama juu yenu kuna bwawa ama mtambo wa umeme, ulizia kwanza maji yanaachiliwa saa ngapi, kuna mahali mto unaweza kupanda na angani hakuna wingu hata moja.

Kitu kingine kidogo lakini kilituaibisha. Mwaka wa kwanza tuliandika kwa bango "Okoa Bahari". Mzee mmoja akatuuliza bahari gani. Kweli, chupa ikitoka Sagana kabla ifike Kipini inapitia mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na nyingi zitakwama huko pamoja na tope la mashamba yetu, ile tope inayojaza Masinga tangu lifunguliwe 1981. Kwa hivo sasa tunaandika Masinga, manake kila mtu pale anaijua na anajua stima inatoka wapi. Kama wewe uko kwa Mto Nairobi hapo ni tofauti, maji yanaenda Athi, yanaitwa Galana, yanaitwa Sabaki, yanaingia baharini karibu na Malindi, bango lako la bahari liko sawa kabisa. Fuata maji kwa ramani kabla hujachapisha.

Wenye mto

Hii nilipaswa niiweke juu kabisa lakini basi.

Mara yetu ya kwanza tulifika na magari matano, kayaki za rangi kama peremende, na jamaa mmoja alikuwa na droni. Hatukuwa tumeuliza mtu. Kuna shosho alikuja kuchota maji, akasimama na mtungi wake akangoja tumalize picha ya pamoja, alafu akaniuliza mimi kwa sababu ndo nilikuwa karibu, "Nyinyi ndo mnapiga picha uchafu wetu?" Nikamwambia hapana shosho, tumekuja kuuondoa. Akaniangalia. "Na kesho ni nani?" Sikuwa na jibu. Yeye ndiye alitupeleka nyuma ya soko akatuonyesha mtaro, na mahali pipa la taka lilikuwa limekaa likaondolewa na halikurudishwa, na ule mtaro ukinyesha unamwaga kila kitu moja kwa moja mtoni. Sisi tulikuwa tumepanga kufunga siku ile tukiamini tumesafisha mto. Kumbe tulikuwa tunadeki na bomba liko wazi.

Kwa hivo fanya hivi. Mwezi mmoja kabla, nenda bila kayaki. Vaa kawaida. Ongea na chifu ama naibu wake, wazee wa nyumba kumi, na chama cha watumiaji maji cha eneo lile, kile wanakiita WRUA, kinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016 na mara nyingi wana ramani na historia ya mto ambayo huwezi kuipata popote. Kama ni ziwani ama pwani, tafuta BMU ya pale, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Ukiwa Tanzania anza na serikali ya mtaa ama kijiji, wao watakuelekeza kwa bodi ya maji ya bonde. Alafu ongea na wale hawana ofisi, vijana wa kuosha pikipiki, wachimba mchanga, wavuvi, akina mama wa kufua. Uliza maswali mawili tu: taka inatoka wapi, na nyinyi mngetaka nini kifanyike hapa. Nyamaza usikilize. Usitaje kayaki mpaka wakuulize.

Na jamani, vijana wa pale ukiwataka siku nzima walipe. Mtu wa mchanga akija kukusaidia kujitolea ameacha mkate wake wa siku, wewe uliyetoka Nairobi hujaacha kitu, ni Jumamosi. Sisi tunalipa kama kibarua cha kawaida, na wale wenye mitumbwi tunawalipa zaidi kwa sababu mtumbwi mmoja wa mbao unabeba magunia ambayo kayaki sita hazibebi, na mwenyewe anajua kila jiwe lilipo.

Ukiambiwa mpande miti, sawa, lakini uliza mti gani. Kando ya mto mianzi na mikuyu inashika udongo. Mikaratusi hapana, wenyeji watakuambia inavyokunywa maji, na bado kuna mtu kila mwaka anakuja na miche mia mbili ya mikaratusi kwa pikapu anatabasamu.

Pesa, hapa ndo watu hugombana

Chagua shida moja. Moja tu, inayoweza kusemwa kwa sentensi moja na mtu akienda pale anaiona kwa macho. "Kusaidia jamii na mazingira" si shida, ni hotuba. "Tenki la maji la lita 5,000 kwa shule iliyo kando ya mto", hiyo ni shida. Yetu ilikuwa watoto wanaovuka mto kwenda shule na hawajui kuogelea, tukasema tutanunua laifu jaketi za kuachwa pale kwenye kivuko na tutafunza watoto kuelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, Afrika tukiwa kati ya wanaoumia zaidi, na Umoja wa Mataifa umetenga hadi siku yake, 25 Julai, ambayo kwa bahati inaangukia msimu wetu mzuri wa maji ya chini. Watu wa kayaki tunajua kuelea, tunajua kurusha kamba, tunajua kumtoa mtu. Kwa nini tuende kuchangia kitu hatukijui?

Namna ya kuchangisha ambayo imetufaa ni ahadi kwa kilomita. Unawaambia ndugu na watu wa kazini: ntapiga kasia kilomita 20, wewe uniwekee shilingi 50 kwa kila kilomita. Si mpya hii. Uingereza wana ile mbio ya Devizes hadi Westminster, maili 125 yaani karibu kilomita 200, imefanyika kila Pasaka kuanzia 1948 ukitoa miaka michache iliyoharibika, na washiriki wengi pale wanachangishia mashirika ya misaada kwa njia hiyohiyo. Inafanya kazi kwa sababu moja, watu wanatoa pesa kwa furaha wakijua kuna mwenzao anateseka kidogo kwa hiari yake. Bosi wangu aliniahidi shilingi 200 kwa kilomita akidhani ntaishia ya tano. Alilipa zote lakini hakunisalimia wiki nzima.

Sasa sikiliza kuhusu M-Pesa. Usitumie namba ya mtu. Hata kama ni mtu mwaminifu kama mama yako, usitumie, manake pesa ya mchango ikichanganyika na pesa ya unga hakuna mtu duniani anaweza kuitenganisha. Fungueni akaunti ya kikundi yenye paybill, wenye sahihi watatu, wawili lazima wasaini ndo pesa itoke. Kila Jumapili usiku mweka hazina anatuma kwenye grupu la WhatsApp jumla iliyoingia, na picha ya taarifa ya akaunti, si maneno matupu. Ikifika wakati wa kununua, risiti zote zinapigwa picha zinatumwa palepale.

Mwaka wa kwanza hatukufanya hivo na matokeo nayaandika hapa na aibu yangu. Tulikusanya pesa nzuri tu, tukachapisha tishati, tukakodi spika, tukala nyama choma, na tulipokaa chini kuhesabu ilikuwa imebaki pesa ya laifu jaketi tatu. Tatu! Watu walikuwa wametoa pesa ya watoto tukaila na kachumbari. Hakuna aliyeiba, hiyo ndo mbaya zaidi, kila kitu kilikuwa na risiti. Tangu siku hiyo gharama za siku yenyewe, chakula, mafuta ya gari, kukodi rafti, zinatoka kwa kiingilio cha wanaoshiriki, na pesa ya mchango haiguswi hata kununua maji ya kunywa. Tishati tuliacha. Kila mtu ana tishati.

Makampuni yatakuja, hasa mkianza kujulikana. Mpokeeni lakini angalieni kwanza kwenye magunia yenu. Kuna kampuni moja ilitaka kuweka bendera yake kando ya mto siku yetu, tukafungua gunia mbele ya yule dada wa masoko tukahesabu naye chupa zenye nembo yao. Alikuwa muungwana, alicheka kidogo, hakurudi.

Pia kuna kusaidia ambako si pesa. Copenhagen kuna mpango unaitwa GreenKayak, ulianza 2017, wanakupa kayaki bure kabisa na wewe unalipa kwa kurudi na taka ulizookota na kuzipima kilo. Hii inaweza kufanyika popote penye mtu wa kukodisha kayaki ambaye Jumanne asubuhi zake zimelala tu kwenye nyasi. Na Marekani kuna First Descents, ilianzishwa 2001 na mpiga kayaki Brad Ludden, wanawapeleka vijana wenye saratani mtoni, na Team River Runner ilianza 2004 na wanajeshi waliojeruhiwa waliokuwa wakitibiwa hospitali ya Walter Reed. Kama mna vyombo na mna ujuzi na hamna pesa, mchukueni mtu ambaye hajawahi kufikiria mto ni wake. Mwaka jana tulibeba vijana wanne wa viti vya magurudumu kwa rafti, kazi kubwa ilikuwa kuwatoa kwa gari hadi majini, ndani ya maji walikuwa wanatusumbua tuongeze spidi.

Siku yenyewe

Saa moja asubuhi mko kando ya maji. Kila mtu laifu jaketi imefungwa, helmeti, viatu vilivyofungwa, si ndala. Glavu za aina mbili: za ngozi ama za bustani kwa wanaovuta vitu, za mpira mzito kwa wanaochambua. Kisu kifupi kwenye laifu jaketi. Makasi ya kukatia matawi. Kamba ya kurushia kwa kila watu wanne. Magunia ya vitunguu, na magunia ya nyuzi yale ya sukari kwa vitu vyenye ncha. Rafti moja ama mtumbwi ndo lori letu, kayaki zinaokota na kuleta, lori linabeba.

Alafu unawakusanya unawaambia kuhusu chujio, na hapa sitanii. Mti ukianguka mtoni maji yanapita katikati ya matawi lakini vitu vinabaki, kama majani ya chai kwenye chujio, ndo maana taka zote nzuri ziko hapo, chupa mia mbili zimejazana mahali pamoja zinakuita. Na hapohapo ndo mpiga kayaki hufa. Maji yanakusukuma kwenye matawi, kayaki inalala, wewe ni kitu kingine tu kwenye chujio, na nguvu ya maji haipumziki. Sheria yetu: chujio lolote lenye maji yanayotembea linafikiwa kutoka chini, kutoka kwenye maji yaliyotulia nyuma yake, ama kutoka ukingoni kwa miguu na fimbo yenye ndoano. Kamwe si kutoka juu. Kama huwezi kulifikia kutoka chini hizo chupa ziache, ziandike kwa daftari, Julai mto utakuwa umeshuka zaidi.

Usijifunge gunia mwilini. Usilifunge kwa kayaki kwa fundo ambalo huwezi kulifungua kwa mkono mmoja. Uzito uweke chini na katikati, si mkiani, nimeona mtu na magunia mawili nyuma pua ya kayaki imeelekea mbinguni anapiga kasia hewani.

Tairi. Kila mtu anataka tairi kwa sababu picha yake ni nzuri. Tairi lililozikwa kwenye mchanga lina tope ndani yake na linakuzidi uzito, mkilivuta mko watu wawili kwenye kayaki mtapinduka nyote. Likiwa ukingoni litobolewe, lisimamishwe limwage tope nusu saa, ndo livutwe. Likiwa katikati ya mkondo liacheni.

Sindano na vioo haviingii gunia la vitunguu, vinaingia galoni la plastiki lililokatwa mdomo, na mtu mmoja tu ndo anavigusa. Pempasi, samahani lakini lazima niseme, ni nyingi kuliko utakavyotarajia na zimenyonya maji, mtu mmoja na ndoo yake. Nyavu za zamani na nailoni za kuvulia zikateni vipandevipande kabla ya kuzivuta, usivute wavu usiouona mwisho wake.

Magonjwa: kichocho kinakaa kwenye maji yaliyosimama yenye majani na konokono, kwa hivo usisimame hapo ukipiga stori, na baada ya msimu mkapimwe, dawa yake prazikwanteli ipo na si ghali. Panya hukojoa kwenye taka, kidonda chochote kifunike kisiguse maji. Hakuna kula kitu mpaka mikono ioshwe kwa sabuni na maji safi mliyobeba. Na kama kipande chenu kina mamba ama viboko, hamna kipande, tafuteni kingine. Mvuvi wa pale atakuambia, muulize yeye.

Saa sita mchana mmetoka. Watu wakichoka ndo wanaanza ujinga.

Kilo, ndala na daftari

Kama mmeokota na hamjahesabu mmepoteza nusu ya kazi. Tandazeni turubai, mwageni, chambueni: chupa, vifuniko, ndala, karatasi za maziwa, pempasi, nguo, chuma, nyavu. Pimeni kila fungu kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza mkaa. Andikeni kwa daftari la karatasi, simu ikilowa mwaka mzima umeenda. Andikeni pia zilipookotwa, juu ya mtaro wa soko au chini yake. Sisi baada ya misimu mitatu ndo tuliweza kumpelekea mtu wa kaunti karatasi moja tu inayoonyesha juu ya mtaro magunia manne, chini ya mtaro magunia ishirini na moja, na pipa likarudishwa. Kelele tulikuwa tumepiga kwa mwaka mzima bila kitu. Shosho alitupigia simu mwenyewe kutuambia limekuja, na kwamba ni dogo.

Chupa safi kuna wanunuzi, wape vijana wa pale wauze, pesa iwe yao. Ndala zikifika Nairobi kuna Ocean Sole wanachonga twiga na vifaru kutoka kwa ndala zilizookotwa, na Lamu kuna ile jahazi ya Flipflopi, ilizinduliwa 2018, imeundwa kwa takribani tani 10 za plastiki ikavikwa ndala kama 30,000 na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri hadi Zanzibar. Hii ya mwisho mi huitaja kila mara kwa watoto wa shule, mafundi wa jahazi wa Lamu wamechukua taka wakaunda chombo kinachoelea, hakuna mtoto anasahau hiyo. Zinazobaki zisizo na kazi panga mapema na gari lenye leseni ya kubeba taka kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Usije ukaacha mlima wa magunia kando ya barabara "kaunti itachukua". Haitachukua. Yatarudi mtoni na mvua ya kwanza, na kila mtu alishawaona nyuso zenu.

Kabla ya kuondoka osheni kayaki, ndani pia, kaangalieni mikanda na viti kama kuna majani, zianikwe zikauke kabisa. Gugumaji liliingia Ziwa Victoria miaka ya mwisho ya 1980 na mpaka leo Kisumu wanapambana nalo, kipande kidogo tu kinatosha kuanzisha shamba. Ukitoka ziwani ukaja mtoni kesho yake na kayaki mbichi wewe ndo msambazaji.

Mto wenyewe ukitishiwa

Kuna siku taka itakuwa shida ndogo. Nenda Jinja, Uganda, kwa mto Nile, uwaulize. Maporomoko ya Bujagali watu wa rafti na kayaki walitoka dunia nzima kuja kuyaona, wenyeji walikuwa na mizimu yao pale, na bwawa lilipojaa mwishoni mwa 2011 yakafunikwa. Mtambo wa megawati 250 ukazinduliwa 2012. Watu wanahitaji stima, sikatai, mi naishi kwa stima, friji haziendi na kuni. Lakini kama fidia ya Bujagali serikali ya Uganda na Benki ya Dunia walikuwa wameandikiana 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, chini kidogo ya hapo, yatahifadhiwa. Alafu likaja bwawa la Isimba, megawati 183, likazinduliwa Machi 2019, maji yake yakafunika sehemu nyingine za chini, na kati ya waliosimama kukumbusha kwamba kuna karatasi ilisainiwa kuhusu Kalagala walikuwa ni hawahawa watu wa kayaki na utalii wa mto pamoja na wanakijiji. Walijua kwa sababu walikuwa pale kila siku.

Si kila mara wanashindwa. West Virginia kule Marekani wapiga kayaki walisaidia kuzuia mradi wa umeme uliokuwa unataka kuchukua maji ya mto Gauley, wakafanya sherehe 1983, na hiyo sherehe ndo imekuwa Gauley Fest, ya kuchangisha pesa za American Whitewater, shirika la wapiga kayaki, ili lizidi kutetea mito mingine. Na Albania, mto Vjosa: 2016 Rok Rozman, jamaa wa Slovenia aliyekuwa mpiga makasia wa Olimpiki, aliongoza msafara wa kayaki kwenye mito ya Balkani, wanasayansi, wanasheria na wanakijiji wakasukuma upande wao kwa miaka, na Machi 2023 Vjosa ikatangazwa hifadhi ya taifa.

Kwetu njia ya kuanzia iko wazi na watu hawaitumii. Mradi mkubwa ukitaka kuja mtoni lazima ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, NEMA inatoa tangazo kwa gazeti na wananchi wana siku 30 za kutoa maoni. Hapo ndo lile daftari linatoka. Usiandike "mto ni uhai", wanapokea barua mia za mto ni uhai. Andika jina la mto, kipande kutoka wapi hadi wapi, tarehe mlizopita, kina cha maji Februari na Julai, mahali watu wanachota, kivuko cha watoto kiko wapi, wavuvi wangapi, taka kilo ngapi na kutoka mtaro gani. Tia picha zenye tarehe. Mwombe mwenyekiti wa chama cha watumiaji maji asaini juu, nyinyi msaini chini. Peleka nakala mbili kwa mkono, moja wabaki nayo, ya pili wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo rudi nayo nyumbani uiweke pamoja na daftari.